Mke Niliyemwonjesha Chakula

Binti yangu alianza kukwamwa na chakula akiwa na miaka kumi na mitatu. Si mfupa wa samaki, si kiazi kikavu. Wali wa kawaida, mkate, nyama iliyoiva. Anatafuna, anameza, halafu anasimama ghafla mkono kifuani, macho yamemtoka, mate yanamjaa mdomoni. Wakati mwingine kinashuka chenyewe, wakati mwingine mpaka akimbie uani akakirudishe. Akawa mtu wa mwisho kuinuka kwenye sinia, kila tonge analisukuma kwa maji. Na kifua nacho kikaanza kupiga filimbi kila vumbi likipanda.

Mama yake mzazi alifariki yeye angali ananyonya. Aliyemlea ni mke wangu wa pili, mwanamke wa Buyenzi, kule Bujumbura, niliyemwoa mtoto akiwa na miaka minne. Alikuja na sanduku moja na Kiswahili kilichonyooka kuliko hiki chetu cha mtaani hapa Rwezamenyo. Mtoto akamwita Mama mdogo, na ndani ya mwezi mmoja hakutaka kulala bila yeye.

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la tatu, na aibu sina. Nilianza kwa kushona vifungo kwenye baraza la mtu mwingine, leo nina chumba changu na mashine saba. Kila ninachokijua nilikijua kwa jicho na mkono, hakuna aliyenikalisha akanifundisha. Kwa hiyo jicho langu likiniambia jambo, nililiamini kuliko karatasi ya mtu yeyote.

Karatasi zilikuwa nyingi. Kituo cha afya walimpa dawa za minyoo. Mara ya pili wakasema ni igifu, jina tunaloupa hapa kila ugonjwa wa tumbo, wakampa vidonge vya tindikali. Mara ya tatu wakapima makohozi wakitafuta kifua kikuu, hakikuwepo. Mara ya nne wakampa pampu ya pumu. Filimbi ya kifua ilipungua, koo likabaki vilevile. Kila mmoja alishika kipande chake cha nguo, mwingine mkono, mwingine kola, na hakuna aliyeuliza kanzu yenyewe ni ya nani.

Watu wa mtaani kwangu wakishindwa na ugonjwa wana neno moja: sumu. Jirani yangu mwenye duka la mchele aliniambia huku anacheka, wateja wakisikia.

"Muzee, mtoto anakonda, mama wa kambo ananenepa. Hayo macho yako ni ya kutunga uzi tu?"

"Nyamaza wewe. Kwanza mchele wako una mawe."

"Mawe mtu anayaona, Muzee. Mimi nasemea vile visivyoonekana."

Nilicheka na mimi. Lakini lile neno nilikwenda nalo nyumbani.

Kwetu mtu akikupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue ndani hamna kitu. Ni heshima, mgeni anafanyiwa bila kuomba. Ila mume hamwombi mkewe amwonjee. Kuomba ni kusema jambo zima la sumu.

Mimi niliomba. Alikuwa amepakua ndizi na maharage, sahani ya mtoto ameiweka karibu na mtoto, nikamwambia:

"Onja kwanza."

"Nionje nini?"

"Cha mtoto."

Akacheka. "Leo umekunywa nini, Muzee, na wewe mtu wa safu ya mbele msikitini?"

"Onja."

Kicheko kilimwishia usoni polepole. Akachukua tonge, akala, akameza, akanionyesha mdomo wazi kama mgonjwa anavyomwonyesha daktari. Tangu siku hiyo alionja kila mlo, karibu mwaka mzima. Sikumwambia tena, alionja mwenyewe. Binti yangu alikuwa anaangalia mkeka tu.

Na dawa ya sumu kila Mnyarwanda anaijua: maziwa. Nilikuwa nayanunua mwenyewe, simtumi mtu. Asubuhi kikombe cha moto, jioni ikivuguto, yale yaliyoganda. Nilimsimamia mpaka anamaliza.

"Baba, yananichoma hapa."

"Yanaosha. Kunywa."

Hali ikazidi. Mbavu zikahesabika. Hesabu yangu ya darasa la tatu ikawa hii: kama mimi naosha kila siku na mtoto anazidi kuchafuka, basi anayechafua naye ameongeza.

Likizo ndefu ilipofika mke wangu alimpeleka Batsinda, ng'ambo ya pili ya mji, kwa kaka yake, akamwacha huko yeye akarudi. Ni nyumba ndogo yenye watoto watano, maziwa hayaingii, wanakunywa chai ya rangi na tangawizi. Mtoto alikaa wiki saba akarudi na mashavu. Mke wangu alinipokea mlangoni ana furaha kama bibi harusi.

"Umemwona? Kule alikuwa anakula wali anaomba na ukoko! Sasa sikiliza, nimefikiri sana. Kule hakugusa maziwa hata siku moja. Tumwachishe maziwa, Muzee. Tujaribu tu."

Nikamjibu: "Kule hakula cha mkono wako."

Alikwenda kuanua nguo kwenye kamba, nyingine zilikuwa bado mbichi.

Yeye aliona, mimi sikuona. Tulikuwa na mtoto mmoja, wiki zilezile saba, mashavu yaleyale. Yeye alitafuta kinachomwumiza mtoto. Mimi nilikuwa natafuta mtu.

Ilipofika Idi nilialika watu kama thelathini, kaka yake wa Batsinda akiwemo, na yule jirani wa mchele. Pilau ilipikwa na yeye, haijapata kutokea pilau kama ile mtaani petu. Sinia zimewekwa, watu wamenawa. Na mimi, mbele yao wote, labda kwa kuwa jirani alikuwa ananitazama, nikasema kwa sauti:

"Kabla mtoto hajala, onja."

Mikono iliyokuwa imeelekea kwenye sinia ikarudi mapajani. Mke wangu alipiga magoti, akaonja. Akanawa mkono taratibu, kila kidole, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na lile sanduku.

"Muzee, nipe talaka yangu. Usinifukuze kama mchawi. Niache kama mke."

Nikampa, mashahidi walikuwapo. Binti yangu aling'ang'ania upindo wa kanga yake, nikaja nikamfungua vidole kimoja kimoja. Nilijiona nimefanya kazi ya mwanamume.

Nikangoja mtoto apone. Mwenye sumu ametoka, maziwa yanaendelea, kwa nini asipone? Mwezi wa pili kipande cha nyama kilikwama kabisa. Hata mate yake mwenyewe hakuweza kuyameza, anayatema kwenye beseni huku analia bila sauti. Tukaenda hospitali kubwa. Huko walimlaza, wakamwingiza bomba lenye kamera kooni, wakakitoa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, angeweza kuwa binti yangu wa kwanza. Aliniita kwenye kioo cha mashine.

"Muzee, wewe kazi yako nini?"

"Fundi wa nguo."

"Vizuri. Basi nisaidie. Hili ndilo koo la mtoto, njia ya chakula. Hapa unaona nini?"

Niliona bomba la rangi ya waridi lina mikunjo ya mviringo, mmoja juu ya mwingine, mpaka chini.

"Marinda."

"Umejibu kuliko wanafunzi wangu. Sasa njia ya chakula haitakiwi kuwa na marinda. Inatakiwa iwe laini na ipanuke. Na hivi vidoa vyeupe unaviona?"

Akanieleza kuwa amenyofoa vipande vidogo sehemu kadhaa, kama mimi ninavyokata sampuli ya kitambaa, vinakwenda maabara kuangaliwa kwa darubini. Jicho tupu halitoshi, alisema. Neno hilo lilinichoma na yeye hakujua.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Alituweka chini, mimi na binti yangu, akaongea polepole. Katika damu kuna askari weupe wa aina nyingi. Mmoja anaitwa eosinofili. Kazi yake kupigana na minyoo, lakini watu wengine mwili unamwita hata pasipo na mnyoo, unamwita kwa ajili ya chakula. Njia ya chakula yenye afya haina askari hao. Ya binti yangu ilikuwa imejaa. Wanapigana, panavimba, panapona vibaya, panajikunja, panakuwa pembamba. Pumu yake nayo ni ya ukoo huohuo, ndiyo maana vilikuja pamoja.

"Na sumu?" nikauliza.

"Sumu gani, Muzee?"

"Ya mtu. Ya kuwekewa."

Alinitazama. "Hakuna mkono wa mtu hapa. Ni chakula cha kawaida ambacho wewe na mimi tunakula salama. Kwa wengi huwa ni maziwa, tunaanza na hayo peke yake, tusichanganye mambo. Anakunywa maziwa?"

Binti yangu alijibu kabla yangu. "Asubuhi na jioni. Baba ananisimamia."

Daktari akaandika. Hakunilaumu, hakuwa na habari. Aliandika tu kama anavyoandika umri na uzito, na mimi nilikuwa nasikiliza kalamu.

Tukaacha maziwa, siagi, jibini, kila chenye maziwa ndani. Baada ya miezi mitatu wakaingiza kamera tena na kunyofoa tena. Marinda yalikuwa yamelegea, askari wamebaki wachache. Alisema mtoto atafuatiliwa maisha yake yote, ugonjwa huu haufi, unalala. Binti yangu alitoka pale akaomba brosheti ya mbuzi. Alikula mishikaki miwili barabarani amesimama, jambo ambalo kwetu ni kukosa adabu, na sikumkataza.

Kesho yake nilivaa kanzu nikaenda Batsinda.

Mke wangu wa zamani, aliyekuwa akikaa kwa kaka yake, aliniletea kiti nje, akakaa mbali kidogo, kama inavyompasa mwanamke na mtu asiye wake. Eda ilikuwa imekwisha zamani. Nilimweleza yote, kamera, askari, maziwa.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula."

"Hata nyama?"

"Jana kala mishikaki miwili."

"Alhamdulillahi." Akalia kidogo, akafuta. Nikaona hapo ndipo pa kuingilia.

"Nimejua hukumfanyia kitu."

"Muzee, mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Hiyo habari ni mpya kwako tu."

"Basi rudi. Tutafunga ndoa upya."

"Nilitoka mbele ya watu thelathini. Unataka niingie kwa mlango wa uani?"

"Nitawaambia wote."

"Waambie. Si kwa ajili ya mimi kurudi, sirudi. Waambie kwa sababu ni kweli."

Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Mimi ambaye sijawahi kuomba radhi hata kwa mteja niliyemharibia suti. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakasema "hayo yamepita, Muzee". Jirani wa mchele alinisikiliza mpaka mwisho, akapima kilo mbili za mteja, akasema:

"Sawa. Lakini tuseme ukweli. Mwanamke ameondoka, mtoto amepona. Si ndivyo?"

"Aliyeondoka ni maziwa! Mwanamke alipoondoka mtoto alizidi kuumwa, nyama ilimkwama!"

"Maziwa! Tangu lini maziwa yakamwumiza Mnyarwanda?" Na wateja wakacheka, na mmoja akaniwekea mkono begani kwa huruma, kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa.

Hivyo ndivyo lile neno la sumu lilivyobaki. Tuhuma niliitoa mara moja kwa sauti, ikaaminiwa. Ukweli nimeusema mara thelathini na bado ninausema. Mke wangu wa zamani mpaka leo hafiki mtaani kwetu hata kwenye msiba.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na sita. Kila Jumapili alikuwa anakwenda kula Batsinda, nampandisha basi, jioni anarudi ameshiba, simuulizi. Mwezi uliopita aliniambia:

"Baba, naomba nikakae kwa Mama mdogo."

"Hapa unakosa nini?"

Alifikiri. Ni mtoto mwenye adabu. "Hapa ninapokula unanitazama koo."

Kweli namtazama. Kila tonge, mpaka lishuke. Sijui kuacha.

Godoro nilimbebea mimi hadi Batsinda. Kaka mtu alilipokea getini, akanishukuru, akanikaribisha maji, nikasema nina kazi. Ndani nilimsikia mke wangu wa zamani akimwuliza binti kama amekula, na binti akijibu bado, na sufuria ikifunuliwa.

Chumba cha binti nilikijaza majora ya vitambaa siku hiyohiyo. Asubuhi nikayatoa, huenda akarudi.