Namba Iliyokuwa Mlangoni

Dafrosa Kokushubila alikwenda Brussels mwaka 2007 kusomea shahada ya uzamivu juu ya mnyauko wa migomba. Ugonjwa huo hakuujulia vitabuni. Mwaka uliotangulia ulikuwa umeingia Muleba, na shamba la mama yake, lililowalea watoto saba, likakatwa lote na kufukiwa.

Alizunguka vijiji arobaini vya kwao akikusanya vipande vya migomba inayokufa. Alirudi Kagera mara mbili zaidi kuongeza. Kufikia mwaka 2011 alikuwa na chupa ndogo elfu moja na mia mbili ndani ya friza kubwa, ghorofa ya tano ya jengo la biolojia.

Chuo kilikuwa cha umma, kikubwa kama mji, chenye wanafunzi kutoka kila pembe ya dunia. Kilikuwa na tramu yake ya asubuhi, kantini yenye foleni ndefu na vikao vya kila jambo. Mtu aliweza kumaliza wiki nzima pale bila kuitwa kwa jina lake. Agosti wote waliondoka likizo. Dafrosa naye alikwenda mtaa wa Laeken kwa siku tatu, kwa Mtanzania mwenzake Frida aliyekuwa amejifungua.

Jumatatu alipofika, alimkuta mama Antoinette, mfanya usafi aliyetoka Likasi, Kongo, amesimama na dekio mbele ya maabara. Maji yalikuwa yametapakaa mpaka kwenye korido.

"Maman Dafrosa, ile frigo ilikuwa inalia tangu vendredi," alisema. "Mi nilipiga téléphone ku ile numéro yenye iko pa mulango. Haikupita. Gardien alisema ataita technicien, kumbe technicien iko ku congé."

Dafrosa aliitazama karatasi ya namba ya dharura iliyobandikwa mlangoni. Namba ilikuwa yake, ya laini aliyoipoteza mwezi Machi. Kila siku alisema ataibadilisha.

Alifungua friza iliyoharibika tangu Ijumaa. Maboksi yalikuwa yamelowa, na harufu ya kuoza ikamjia usoni. Akaanza kutoa chupa moja moja, akizifuta na kuzipanga kwenye barafu. Mama Antoinette aliweka dekio chini, akaja kumsaidia. Walifanya hivyo mpaka mchana.

"Bado iko na faida?" aliuliza mama Antoinette.

"Haina, mama."

"Alors, tunaendelea juu ya nini?"

"Nikiacha nitaanguka."

Mama Antoinette alichukua chupa nyingine, akaifuta.

Wiki iliyofuata profesa wake alirudi. Dafrosa alimweleza yote, pamoja na habari ya namba. Profesa alifunga mlango wa ofisi.

"Unaweza kwenda kukusanya nyingine?"

"Mashamba yale hayapo. Yamefukiwa."

"Habari ya namba, umemwambia mtu mwingine?"

Dafrosa alielewa anachopewa. Mashine ilikuwa kuukuu, na hakuna ambaye angeshangaa ikilaumiwa. Usiku huo hakulala. Asubuhi aliandika ripoti, na namba akaiandika pia, kwa sababu fundi, aliyekuwa likizo, alikuwa ameshaanza kusemwa kwamba hakupokea simu wakati hakuna aliyempigia.

Ripoti hiyo ndiyo iliyommaliza. Kamati ya chuo ilisema haiwezi kumwongezea muda mtafiti aliyepoteza kazi yake kwa uzembe, na kibali chake cha kuishi kilikuwa kinaisha Desemba. Alizunguka ofisi tatu. Kila mahali alisikilizwa kwa upole, akapewa jina la ofisi nyingine. Siku ya mwisho alikaa kwenye ngazi za jengo la utawala, baridi ikampiga miguuni, hadi mlinzi alipomwomba asogee watu wapite.

Alirudi Bukoba na sura mbili za tasnifu isiyokamilika. Katika kituo cha utafiti alikofanya kazi kabla ya kusafiri, alipewa meza yake ya zamani, chini ya bosi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Mwaka 2014 Frida alimtumia tangazo la ufadhili mpya katika chuo kilekile. Dafrosa alijaza fomu hadi pale walipouliza sababu ya kuacha masomo ya kwanza. Alikaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Kisha akaandika kama alivyoandika kwenye ripoti, na habari ya namba, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita: hakuchaguliwa. Aliifuta barua pepe ile. Mama yake aliendelea kuwaambia majirani kwamba Dafrosa ni mvivu, hata kuomba tena hataki, naye hakumsahihisha.