Bomba la Abiba

Mume wangu Mungania alikuwa fundi wa bomba, na mimi mkewe nilibeba maji mgongoni kutoka mtoni. Liweke hilo moyoni kwanza, usije ukaniona mbaya bure.

Tulishuka Isiolo kutoka Meru mwaka wa sitini na nne, yeye akifuata kazi ya serikali, vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, vikiwa vimepamba moto. Mabomba mapya hayakufika mjini ila kwa msafara wa askari, na jioni kafyu ilimfungia kila mtu kwake. Kwa hiyo fundi hakubadilisha bomba. Alilifungua, akalizibua, akalirudisha. Mungania alikuwa na mkono mwepesi kwa kazi hiyo. Tena alikuwa mpole, hanywi, hapigi. Wanawake wenzangu walinionea wivu, nami nilifurahia kuonewa, mpaka tulipomjua Abiba.

Abiba alikuwa mjane wa Kiborana pale mtaa wa Bulla Pesa. Marehemu mumewe, mchuuzi wa ng'ombe, alimwachia ploti ya vyumba sita vya kupangisha na bafu lenye maji moto: pipa la chuma juu ya meko, na bomba kutoka hapo hadi bafuni. Mwanamke mrefu, meno meupe, anatembea kana kwamba hana mzigo duniani. Na kweli hakuwa nao, maji yalimfuata nyumbani.

Bomba lake liliziba kila baada ya wiki tatu. Nikauliza, bomba gani hilo linaziba kuliko pua ya mtoto? Mungania akanionyesha kipande alichokata. Ndani kulikuwa kumeota jiwe jeupe, na tundu lililobaki halikupitisha hata kidole cha Kajuju, binti yetu wa miaka miwili. Alisema ni chokaa iliyo katika maji ya kisima cha mashine. Sawa. Lakini nyumba ya daktari ilitumia maji yaleyale, na pipa kama lile, na huko aliitwa mara moja tu kwa mwaka.

Tena akitoka kwa Abiba alinukia samli. Waborana humkaribisha mgeni wa heshima kwa buna, yaani kahawa iliyokaangwa na maganda yake kwenye samli. Akifika kwangu anasukuma sahani ya mukimo, anasema ameshiba. Nilimwonea Abiba wivu kwa bafu lake, kwa samli yake, hata kwa lile jiwe lililomwitia mume wangu. Nikiwa peke yangu mtoni nililia.

Lakini mficha uchi hazai. Jumapili moja Jonah, fundi mwenzake, alipopita kwetu, nilimwuliza kana kwamba natania.

"Shemeji, hiyo chokaa inapenda moto," akasema. "Maji ikichemka sana, inaganda kwa bomba. Kwa daktari, Mungania aliwaambia wapashe tu, isichemke, na kila wiki wamwage ile uchafu ya chini ya pipa. Hawasumbuki."

"Na kwa Abiba hakuwaambia?"

Jonah aliinua kikombe akanywa chai iliyokuwa imekwisha.

Kesho yake nilimfunga Kajuju mgongoni nikaenda Bulla Pesa. Njia nzima nilipanga matusi, ya Kimeru na ya Kiswahili.

"Salaam aleikum, mama. Karibu, keti," Abiba akaniambia.

"Habari," nikajibu kwa sauti kavu. Kisha nikaona magogo yanavyowaka chini ya pipa, na matusi yote yakanipotea. Nikamweleza habari ya chokaa.

"Mimi nachemsha mpaka pipa inalia," akasema. "Fundi aliniambia maji ya hapa haina dawa, ikiziba niite yeye tu."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi. Kila mara."

Tukavuta kuni pamoja kutoka mekoni. Pipa lilipopoa tukalifungua chini, tope jeupe likamwagika. Baadaye akaniwekea buna. Ilikuwa tamu, na hilo liliniuma kuliko yote.

Wiki tatu zikapita, ya nne ikapita. Mungania hakuitwa. Nyumbani akawa anamaliza mukimo. Nikajiambia nimeshinda.

Wiki ya sita Abiba alikuja kwangu asubuhi na kibuyu cha maziwa.

"Mama Kajuju, Mungu akubariki," akasema. "Bomba inamwaga maji kama mpya, wapangaji wanapigania bafu. Hata fundi sijamwona siku nyingi. Msalimie."

Saa kumi siku hiyohiyo Mungania akatoka kazini. Akaoga, akavaa shati safi, akajipaka mafuta.

"Unaenda wapi, Baba Kajuju?"

"Kwa Abiba. Ameniita leo. Bomba limeziba tena."

Aliyasema akinitazama machoni, bila kigugumizi, kama alivyoyasema miezi yote ile. Nilitaka kumpigia kelele. Badala yake nikamwambia awahi kabla ya kafyu.

Akatoka, na mfuko wake wa vyombo ukabaki chini ya meza. Nilikaa na uchungu wangu, maana jiwe nililokuwa nikililaumu nilikuwa nimeliondoa mwenyewe, na wa kulaumiwa akabaki mume wangu tu.