Finjani Niliyomjazia Mreno

Mie skuli sikuenda sana. Juzuu Amma nilihitimu, darasa la tatu Unguja nikaacha, kwa hiyo nikichanganya wafalme mnisamehe. Lakini hili la Mreno sichanganyi, maana lilitokea sebuleni kwangu, hapa Aija, huku pwani ya Maskati, ng'ambo ya daraja ukitoka Sur mjini, na mpaka leo likinijia naacha kula.

Mjukuu wangu wa kike hutembeza wageni. Huwapeleka Ras al Hadd kutazama kasa, na kabla ya hapo huwaleta kwangu wanywe kahawa, waone nyumba ya watu. Alikuwa bado yumo kwenye majaribio ya kazi, na wageni huandika kwenye simu kama wameridhika au hawakuridhika. Siku ile alinipigia mapema.

"Shikamoo babu. Leo mgeni mmoja tu, Mreno. Tafadhali usigombane naye. Kazi hii naitaka."

"Marahaba. Nani kakwambia mie mgomvi?"

"Na yule Muingereza je?"

Yule Muingereza ni habari nyengine.

Akaja baada ya alasiri, mwalimu mstaafu, kawiva kwa jua, mpole, kavua viatu bila ya kuambiwa. Nikampenda, nasema kweli. Nikampa tende, nikamtilia kahawa. Kwetu finjani haijazwi. Unatia kidogo tu, mgeni anakunywa, unamuongeza, mpaka mwenyewe aitikise kukwambia basi. Ukiijaza mpaka ukingoni umemwambia: kunywa, njia ile pale. Umri wangu wote sijapata kumjazia mtu, hata yule dalali wa soko la Sinaw aliyeniuzia mbuzi kipofu.

Mgeni akasema, mjukuu akifasiri, kwamba siku hiyo kwao ni sikukuu. Ndiyo siku waliyojitoa mikononi mwa Mhispania. Miaka sitini mfalme wa Uhispania aliwatawala, akawatoza kodi, akawachukulia vijana wao kwenda kupigana vita visivyowahusu. Halafu asubuhi moja wakubwa wao wachache wakaingia jumba la mfalme, wakampiga risasi waziri wake, wakamtupa dirishani. Machozi yakamlenga.

"Uchungu wa kutawaliwa na wageni," akasema, "huujui mpaka ukufike."

Ananambia mie!

Damu ikanipanda. Miaka hiyohiyo sitini anayoililia, watu wake walikuwa wapi? Maskati, juu ya ngome. Na ngome ya Mombasa waliijenga lini? Miaka hiyohiyo! Mkono mmoja wanajifuta machozi, mkono wa pili umetukaba koo. Kule Pemba mchezo wa ng'ombe wanasema kauacha Mreno. Mie mdogo nilipelekwa kuutazama, ng'ombe akanirusha mtaroni, kovu hili hapa gotini. Basi hata goti langu lina Mreno.

Nikanyanyua dele, nikamimina mpaka kahawa ikasimama ukingoni. Mjukuu akaona, akakatika katikati ya neno. Mgeni akaishika finjani kwa mikono miwili, akapiga funda, akacheka.

"Anasema watu wa hapa wakarimu sana," mjukuu akanambia, uso umemsawijika.

Tusi langu la kwanza la finjani maishani, na mtu kalinywa akashukuru! Hapo ndipo nilipopandwa na wazimu.

"Mwambie! Mwambie hiyo sikukuu yake ina watu wengine ndani, na hatukualikwa. Muulize walipomtupa yule mtu dirishani, kwenye ngome zetu walishusha bendera?"

"Babu, kazi yangu."

"Mwambie!"

Akanitazama sana. "Nitamwambia. Lakini na sisi watu wa Maskati, babu, tulipomtoa Mreno Mombasa, tulirudi kwetu?"

Nikalitua dele. Mie nimezaliwa Unguja kwa sababu hatukurudi. Babu yake babu yangu alikuwa na shamba la karafuu, na waliokuwa wakizichuma hawakuulizwa kama wanataka. Nimelia miaka kufukuzwa kule, na hilo la wachumaji sijapata kulisimulia hata kwa watoto wangu.

Akamgeukia mgeni akamfasiria yote, maneno yangu na yake. Mzee wa watu akaiweka finjani chini. Akasema hayo hawakufundishwa skuli, naye historia ndiyo aliyokuwa akisomesha.

Hawakufundishwa! Ngome zote zile zimesimama wima, na mwalimu hajui! Nikaichukua ile finjani, nikamwaga nje kizingitini, nikaisuuza, nikamtilia kidogo kama inavyotakiwa. Mjukuu akamwonesha namna ya kuitikisa. Hakuitikisa. Kila akinyoosha mkono namtilia, nimenuna vilevile.

Kabla ya kupanda gari akaandika kwenye simu. Mjukuu akanisomea: "Kahawa nzuri, mwenyeji mkali, nendeni."

Kazi kaipata. Na kila akija na wageni hunitazama kwanza mimi, halafu dele, kisha huniuliza: "Babu, lile swali langu?"

Namwambia kaa, kahawa itapoa.