Rhonda hapaki rangi juu ya doa

Saa tatu asubuhi, Alhamisi. Rhonda Pietrzak amepiga magoti juu ya taulo kuukuu katika saluni yake ndogo mjini Muskegon, Michigan, akiukagua mguu wa bibi harusi mtarajiwa.

Mwenye mguu ni Keely Vandermolen, mgawaji barua wa miaka 29. Tangu Aprili anazunguka na kaptura na soksi za kazi, na jua limemgeuza kahawia kutoka magotini hadi soksi zinapoanzia. Chini ya hapo ni mweupe pe. Jumamosi anaolewa pekupeku kwenye mchanga wa ziwa, na alishapanga kuianika miguu yake juani ikiwa imepakwa mafuta ya mtoto, ili rangi ilingane.

"Ukijikaanga utaolewa na malengelenge, mwanangu," Rhonda anamwambia.

Rhonda, 57, anauza kahawia ya chupa, rangi ya kupaka inayoigeuza ngozi kahawia bila jua. Anaanza kwa kusugua ngozi iliyokufa, kisha anagusisha losheni kidogo vifundoni na visiginoni, maana hapo rangi hupenda kuganda. Ndipo anapaka kwa glavu, na nyayo hupata tu mabaki yaliyo kwenye glavu. Kila mteja hukumbushwa kuwa rangi hiyo haizuii jua, kwa hiyo krimu ya kujikinga asiiache. Juni hupata wateja ishirini kwa wiki. Januari, wanne wakizidi.

Mguu wa kushoto unatoka vizuri. Kwenye wa kulia Rhonda anasita. Nyuma, juu kidogo ya kifundo, pana doa jeusi lenye kingo zisizo sawa, dogo kuliko punje ya dengu. Anavua glavu.

Keely anasema ni soksi tu zinazomsugua, apakwe aende zake. Rhonda anakataa.

"Nimekuja kupakwa rangi, mama. Sikuja hospitali."

"Najua. Na mimi langu nililipaka rangi msimu mzima, lisionekane. Tazama."

Anapandisha suruali. Kwenye shavu la mguu pana kovu lililobonyea. Miaka tisa alilala kwenye vitanda vya taa ili awe kahawia, na doa lilipojitokeza akalifunika kwa bidhaa yake mwenyewe. Daktari alipoliona, mwaka 2011, saratani ya ngozi ilikuwa imefika kwenye tezi za kinena. Matibabu yalimla miaka miwili, na mpaka leo anajilaumu.

Keely anaondoka amenuna, mguu mmoja umepakwa, mwingine bado. Rhonda anampigia muuguzi anayemfahamu katika kliniki ya ngozi, na nafasi inapatikana kesho yake. Keely alikwenda, anasema, ili tu aache kusumbuliwa. Daktari alikata doa likapimwe, akabandika plasta.

Harusi ilifanyika.

"Mama mkwe alidhani nimesahau kuvua soksi moja," anasimulia Keely.

Majibu yalitoka siku kumi baadaye: saratani, ila ilikuwa bado juujuu. Mapema Julai ngozi ya pembeni ikakatwa, na hakuhitaji dawa nyingine.

Vuli hii, wateja wakipungua, Rhonda na yule muuguzi wanataka kupita saluni zote za kaunti, wawafundishe wapakaji kutazama nyuma ya mguu kabla ya kufungua chupa. Anajua wapo watakaomwambia anafukuza wateja.

"Rangi yangu inatoka baada ya wiki," anasema. "Nilitaka yeye abaki."