Askari Aliyetafunwa Sebuleni kwa Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa bandarini Kemondo, nikimsubiri dada yangu ashuke kutoka visiwani. Mama mmoja akaniuzia akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, imefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Nikatia punje moja mdomoni na, rafiki yangu, nikashindwa kuitafuna. Nilikuwa nimerudi Kanazi, sebuleni kwa bibi, nina miaka tisa.

Chesi tulifundishwa na mwalimu, jirani yetu. Alirudi kutoka vitani anachechemea, kwapani ana kisanduku cha chesi alichosema alikiokota kwenye nyumba isiyo na paa. Askari weusi wote wanane walikuwa wamepotea. Bibi akatupa punje nane za akamwani zikawa askari, na kila tukimaliza kucheza vidole vyetu vilinukia kahawa.

Mimi nilikuwa mvivu wa kufikiri, nikabuni chesi ya dadu. Ikitoka moja, unasogeza askari; mbili, farasi; sita, malkia. Kwa dadu nilimshinda dada mara nyingi, na kelele zangu ndizo zilizomleta mwalimu. Aliichukua dadu akaitupa migombani. "Chesi haina bahati," alisema. "Ukishindwa, ni mkono wako." Tukamwona mkali bure.

Kisha ukaja ugonjwa ule ambao wakubwa waliutaja kwa kunong'ona. Baba alitangulia, mama akafuata kabla ya mavuno ya kahawa, mwalimu naye akaanza kukonda. Hadi leo nashangaa jinsi tulivyokuwa tukitoka mazikoni na kukaa chini kucheza.

Baba mdogo, aliyekuwa akifanya biashara ya samaki visiwani huko Muleba, akatuma neno kwamba atakuja kumchukua mmoja wetu. Bibi asingeweza kulea wawili. Ndivyo yatima walivyogawanywa siku hizo. Lakini bibi alikataa kuchagua. "Nimezika wanangu, sasa mnataka nichague wajukuu?" Dada, aliyenizidi miaka mitatu, akasema tuamue kwa chesi, tena bila dadu. Atakayeshinda atabaki kwa bibi.

Baba mdogo alitukuta bado tunacheza. Nilikuwa nimekwisha! Dada alibakiza hatua moja tu askari wake wa kahawa afike mwisho wa ubao awe malkia. Mgeni akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, karibu kabisa na ubao, dada akapiga magoti kumsalimu, nami nikatumwa jikoni kuleta kikapu cha akamwani, maana kwetu mgeni hakaribishwi bila kahawa. Niliporudi, mgeni alikuwa anatafuna.

Nikatazama ubao. Yule askari hayupo. Baba mdogo alikuwa ameona kahawa mbele yake, akafanya kama ambavyo Mhaya yeyote angefanya, wala hakujua. Dada alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba hakuona kitu. "Cheza," akaniambia. Mungu anisamehe, nilicheza na sikusema neno. Nilishinda kabla ndizi hazijaiva jikoni.

Nikabaki, nikasoma. Dada akaenda kisiwani kuanika dagaa, na miaka michache baadaye baba mdogo na mkewe walipoondoka kwa ugonjwa uleule, aliwalea watoto wao wanne, yeye mwenyewe bado mtoto. Miaka yote hiyo nilijiambia ni bahati tu.

Sasa nyumba ya bibi haipo. Mwalimu kazikwa kibanjani kwake, chini ya migomba yake, kisanduku hakijulikani kilikoishia, na nyasi za sakafuni hakuna anayetandika tena.

Dada akashuka kwenye boti, nikampokea mzigo. Nikamwonyesha ile akamwani, nikasema nilichokaa nacho maisha yangu yote: "Dada, siku ile ulikuwa na bahati mbaya sana."

Akacheka. "Bahati gani, mdogo wangu? Nilicheza nishinde. Ila ulipokwenda jikoni nilikusikia unalia. Mkono wa baba mdogo niliuona unakuja, na mdomo wa kumzuia nilikuwa nao."

Nilisimama pale na mzigo wake. Yeye akachukua punje moja, akaitafuna, akaniuliza kama nimekula.