Nilifuata kitambaa cheupe cha Halloween Fordsburg, mtaa mzima ukaja kunizikia mtoto

Wakuu, habari za jioni.

Mimi humu huwa msomaji tu, nacheka na comments zenu napita. Leo naandika kwa sababu mwezi wa kumi ndio huo unaisha, na mwezi huu hauishi bila mimi kukikumbuka hiki kisa. Sitaongeza chumvi, chenyewe kina chumvi ya kutosha. Mama watoto kakaa hapa pembeni, nikidanganya atanisahihisha kwa sauti.

Mwaka ni 2008. Tunaishi Malvern, Johannesburg, chumba na sebule nyuma ya nyumba ya mtu, karibu na Jules Street.

Mimi ni mtu wa Kasulu, Kigoma. Kazi yangu ulinzi kwenye godauni, night shift. Mke wangu, mama Jeni, anafuma vitambaa vya meza nyumbani. Jeni ndiye mtoto wetu pekee, wakati huo ana miaka saba.

Mnaokumbuka mwaka ule mnajua mwezi wa tano huku kulitokea nini. Wageni walifukuzwa, watu walichomewa maduka. Sisi hatukuguswa, namshukuru Mungu, lakini mke wangu aliingiwa na hofu ambayo haikutoka.

Akawa hafungui mlango. Jirani akigonga, anakaa kimya mpaka mtu achoke aondoke. Jeni naye ni shule, nyumbani, kulala. Mambo ya kucheza nje yakaisha.

Na wimbo wa mama Jeni ukawa mmoja tu kila siku:

"Baba Jeni, hapa hatuna watu. Tukifa leo nani atatuzika?"

Akaamua mwezi wa kumi na mbili anarudi Kasulu na mtoto, mimi nibaki. Begi likafungwa kabisa, likasukumwa chini ya kitanda. Kila nikiliona nasikia vibaya. Hata mimi niliona kweli hatuna watu.

Niliokuwa nawajua kwa majina mtaani ni wawili. Hamisi, mtu wa Ujiji, anafanya kazi kwenye duka la vitambaa Fordsburg. Na mama Odeta, Mrundi, msusi, mlango wa tatu kutoka kwetu. Wote salamu za juu juu tu.

Basi mwezi wa kumi shule ikatuma barua. Ijumaa ya mwisho watoto waje wamevaa mavazi ya kutisha, ni Halloween. Huko kwa wenye sikukuu yao nasikia ni majira ya majani kupukutika. Huku Joburg ndio kwanza jacaranda zimechanua, jua linawaka, halafu mnatishana! Haya.

Jeni akanifuata mlangoni nikienda kazini. "Papa, please. I want to be a ghost."

Wakuu, tangu mwezi wa tano yule mtoto alikuwa hajaomba kitu. Hata pipi. Nikamwambia utakuwa mzimu wa kwanza kwa ubora Malvern nzima.

Mke wangu akanijia juu. "Mtoto haigizwi maiti! Mnamchezea shetani, mtamwita aje kweli." Tukanuniana siku mbili. (Na nyie wa "huo ni ushetani" nawaona mnavyochapa comment, subirini nimalize.)

Alhamisi asubuhi nikatoka shift moja kwa moja mpaka Fordsburg. Sijalala, macho mekundu kama pilipili, ndevu siku nne. Nikaingia lile duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, kanzu na kofia. Nikamwambia nataka cotton nyeupe ya kumfunika mtoto mzima, kichwa mpaka miguu.

Mzee akanitazama. Akauliza kwa upole, umri gani? Saba. Wa kike au wa kiume? Wa kike. Lini? Kesho.

Akaacha mteja mwingine, akapima mwenyewe, akakunja taratibu, akafunga kwa karatasi. Natoa hela, akaurudisha mkono wangu. "No, my brother. For this one we don't take money. God make it easy for you."

Mimi nikadhani ni offer. Mbongo ukipewa cha bure unauliza maswali? Nikasema thank you, nikaondoka nachekelea moyoni.

Kumbe juu ya ngazi, anapanga majora ya vitambaa, yuko Hamisi. Kasikia kila kitu. Hakushuka kuniuliza, maana mfiwa hahojiwi dukani.

Jioni Hamisi akapita kwa mama Odeta. "Yule mlinzi wa Kasulu kafiwa na mtoto. Nimemwona akichukua sanda."

Mama Odeta akaja kugonga kwetu usiku ule ule. Mke wangu kama kawaida, kimya. Mama Odeta akarudi akiwaambia watu, nyumba imezizima, hata kufungua hawawezi. Na Jeni kwa kuwa hakuwa anatoka nje, hakuna mtu mtaani wa kubisha kwamba kamwona.

Ijumaa asubuhi nikakata matundu mawili ya macho kwa wembe, nikampeleka binti shule mapema. Nikamwachia ndoo ndogo ya plastiki ya kuwekea peremende. Nikarudi kulala.

Mchana nikaamka kwenda kumchukua. Aisee, Jeni kagoma kuvua! Tumetembea na shuka lake njia nzima. Kwenye robot, yaani taa za barabarani, magari yanapiga honi, yeye anapunga mkono. Nilicheka mpaka nikasahau begi la chini ya kitanda.

Tukakata kona ya kwetu.

Nikaona viatu. Vingi, vimejaa mlangoni hadi uani. Mikeka imetandikwa. Sufuria kubwa iko juu ya mafiga ya matofali. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu ikilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kabla wala sitaki kukisikia tena.

Nikajua kuna kitu kimempata. Nikakimbia nikamwacha Jeni nyuma.

Kumbe nilipotoka tu, mama Odeta alikuja na wenzake, akalia mlangoni: "Mama Jeni, fungua mama, pole sana na mtoto!" Mke wangu anajua Jeni yuko shule. Akafungua, akaona wanawake wanalia jina la mwanawe. Akajua mwanawe kafia shuleni. Akaanguka hapo hapo.

Nikamkuta sakafuni kashikwa na wanawake wanne. Mzee mmoja wa kanisa anaongoza sala. Hamisi yupo kwenye kona na mfuko wa maandazi, machozi yanamtoka. Kaniona, kanikumbatia. "Pole ndugu yangu. Kazi ya Mungu."

Nikauliza, "Nani kafa?"

Kabla hajajibu, mlangoni akasimama Jeni. Mweupe juu mpaka chini, matundu mawili ya macho.

Wakuu, sitaki kumvunjia mtu heshima, lakini yule mzee wa sala alitoka kwa dirisha. Mama Odeta aliruka sufuria ya maharage na miguu yake mibovu ile. Watu walipishana uani kila mtu anaita dini yake!

Jeni akadhani ndiyo sherehe yenyewe. Akanyoosha ndoo yake, akasema kwa sauti ile maneno waliyofundishwa shule ya kuombea peremende:

"Trick or treat!"

Kati ya wageni alibaki Hamisi peke yake, kabanwa kwenye kona. Akatoa andazi moja, akalitia kwenye ndoo.

Mke wangu akatambaa mpaka kwa mtoto, akalivua lile shuka, akamshika uso, akamnusa kichwa, akamkandamiza kifuani. Alipomwachia akanigeukia akanipiga kofi la bega. Sikulalamika, nilistahili.

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanachungulia. Hamisi akaeleza habari ya sanda, mimi nikaeleza habari ya Halloween. Mama Odeta akaanza kucheka huku anajifuta machozi, na nyumba nzima ikapasuka.

Mama Jeni akawa anawatazama tu. Chumba kimejaa, uani kumejaa. Warundi, Wakongo, watu wa Kigoma, na mwenye nyumba wetu Mzulu kaja na viti vyake. Akauliza taratibu, "Nyie wote mmetoka wapi?"

Mama Odeta akamjibu, "Tumekuja kumzika mwanenu, mama. Kwani ulidhani angezikwa na nani?"

Nilitoka nje nikalia, nasema ukweli.

Wali na maharage ya msiba vikaliwa kama harusi. Jeni alizunguka na ndoo yake, kila mtu akatia alichonacho.

Jumamosi nikarudi Fordsburg kuomba radhi na kulipa. Yule mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta. Akaniambia, miaka yote nagawa hiki kitambaa kwa ajili ya watoto, hakuna mzazi aliyewahi kurudi kuniambia mwanawe yuko nyumbani anakula peremende. Hela akaikataa mara ya pili.

Nilipofika nyumbani nikakuta mlango uko wazi, upepo unapita, mama Jeni anapiga soga na mama Odeta. Lile begi liko juu ya kitanda, tupu.

Ni miaka sita sasa. Mwaka jana mama Odeta alifiwa na mumewe, na mke wangu alikuwa mtu wa kwanza kufika, na mkeka kichwani.

Somo langu ni dogo. Sisi tulilia kwamba hatuna watu, kumbe mlango tumeufunga wenyewe. Fungua mlango ndugu, usisubiri watu waje kukuzika ndipo uwafahamu. Nami namshukuru Mungu kwamba niliwafahamu kwa mtoto aliye hai.

Haya, uwanja ni wenu. Wa kucheka acheke, wa kunisema aseme. Na wewe uliye ugenini, tuambie ni nani alikuwa wa kwanza kugonga kwako.

Mimi naishia hapa, Hamisi yuko mlangoni na maandazi ya mwaka huu, na Jeni na umri wote ule bado kaishikilia ile ndoo.