Wimbo Uliofungiwa Ndani ya Kochi

Kaka yangu ni fundi wa makochi, na mdomo wake una misumari tangu asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana watu wanamwita Misumari. Anajaza kiganja kizima mdomoni, halafu anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, kichwa mbele, anapiga. Ukimuuliza kitu saa hiyo anajibu kwa nyusi. Mimi nakaa upande wa pili wa chumba na cherehani yangu, nashona vitambaa vya kuvalisha hayo makochi, na kwa kuwa yeye hajibu, nasema kwa niaba ya wote wawili. Tumekwenda hivyo miaka kumi na tisa.

Gitaa lake linaning'inia ukutani karibu na msumeno. Gundi ikiwa inakauka, analishusha. Ametunga nyimbo kumi na saba, na maneno yake ni mazuri, sitamnyima haki yake. Shida ni kwamba anajua mishiko mitatu tu, yaani namna tatu tu za kubana nyuzi kwa vidole vya kushoto. Waliosomea muziki wana majina yao ya mishiko. Yeye kaibatiza kwa viungo vya kochi. Mguu ndipo wimbo unaposimama, Mkono ndipo unapoegemea, na Mgongo ndipo unapojitupa ukichoka. Basi anaanza Mguu, anakwenda Mkono, anapita Mgongo, huyo karudi Mguu. Wimbo wa kwanza hivyo, wa kumi na saba hivyo hivyo. Akianza ule wa mvua, watu wanaitikia ule wa treni, na unaingia barabara, hata yeye anachanganyikiwa anamalizia na treni.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alipopata mchumba alikuja karakana akakaa juu ya robota la sponji.

"Baba, harusini sitaki zawadi. Nataka wimbo."

Kaka akainua nyusi zote mbili, maana yake, ombi kubwa hilo.

"Lakini uwe wangu. Usinipe kochi la zamani lililobadilishwa kitambaa."

Nikacheka mpaka uzi ukakatika. Mtoto wa fundi huyo, anajua pa kuchoma. Ila alipokuwa anatoka alininong'oneza mlangoni, "Shangazi, wakwe watakuwa wamekaa mbele pale. Watu wakianza kuitikia ule wa treni, mimi naingia chini ya meza." Macho yake hayakuwa na utani.

Kaka alikuwa na wiki tatu. Wiki ya kwanza alimwendea fundi redio wa mtaa wa nyuma, ambaye zamani alikuwa mpigaji wa bendi. Yule akamwonyesha mishiko mipya minne, yote inataka kidole cha mwisho. Sasa kidole cha mwisho cha kaka kilipigwa nyundo akiwa kijana, hakikunjiki, kimesimama kama kinaomba ruhusa ya kutoka nje. Akarudi na ile ile mitatu. Wiki ya pili maneno yalikamilika na sauti ya kuimba ikapatikana, tamu kabisa, lakini kila akishika gitaa, ikifika mstari wa tatu vidole vinageuka vyenyewe na kurudi Mguu, na hapo mimi mwenyewe, shangazi mtu, najikuta naimba treni.

"Dada, nyamaza."

"Si mimi, ni vidole vyako."

Alipungua, kaka yangu. Wifi akaniuliza kama tunagombana huko kazini. Nikamwambia tunagombana siku zote, hicho siyo kinachomkondesha.

Jumanne ya wiki ya harusi tulikuwa na kochi la watu watatu la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mkali ambaye hata salamu yake unahisi inasahihishwa. Lilibaki kufunikwa nyuma tu, upande huo mgongo bado mbao tupu. Kaka akapiga misumari, akashusha gitaa misumari ikiwa bado mdomoni, akalipiga. Mimi nilikuwa na mambo yangu ya kusema siku hiyo kuhusu mtu aliyekata kitambaa cha mkono kifupi sentimita nne, na simtaji, lakini chumbani tulikuwa wawili. Nilisema yote. Nilipomaliza nikaona kaka amesimama katikati ya chumba amekodoa macho. Akatema misumari.

"Nimepata," akasema. "Mstari wa tatu. Haukwenda kwenye treni."

Akapiga tena, na kweli haukwenda. Akachukua chaki yake, akaandika mfuatano wote nyuma ya ubao wa mgongo wa lile kochi, pale pale anapoandikaga vipimo. Kaka yangu hana daftari. Maisha yake yote yako kwenye mbao.

Jumatano asubuhi alikwenda kununua misumari. Gari la kuchukua kochi likafika mapema, na dereva akaanza kupiga honi kama anamwita ndugu yake. Nani akavuta kitambaa cha mgongo, akakibana kwa stapla pande zote nne, akalisukuma kochi mpaka mlangoni? Mimi. Niliona chaki, nikadhani ni vipimo.

Kaka aliporudi akatazama nafasi tupu pale sakafuni.

"Limekwenda?"

"Limekwenda. Nishukuru."

Hakunishukuru. Alikaa juu ya sponji. Nilipoelewa, nilitamani anitukane, nijue tuko sawa, lakini kaka hana matusi. Alishusha gitaa akajaribu kukumbuka. Alijaribu Jumatano yote na Alhamisi yote. Mguu, Mkono, Mguu, halafu treni. Alhamisi jioni akasema kwa sauti ndogo, "Nitamnunulia birika."

Birika. Mtoto kaomba wimbo.

Ijumaa asubuhi nilichukua bisibisi ya kutolea stapla, nikamwambia kaka abebe gitaa, twende. Mwalimu mkuu alitufungulia mlango amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Kuna nini, fundi?"

"Tumekuja kukagua mgongo wa kochi, mwalimu," kaka akasema. "Huwa tunakagua."

"Nimefundisha miaka thelathini na sita. Mtoto anayenidanganya huwa anaangalia viatu vyake. Wewe unaangalia viatu vyako."

Basi kaka akamwambia yote, akiwa bado anaviangalia. Mwalimu alisikiliza, kisha akatazama kochi lake jipya, halijakaliwa hata na mgeni mmoja.

"Harusi ni lini?"

"Kesho."

"Fungua. Ukinichania kitambaa utakishona mbele ya macho yangu."

"Atashona dada," kaka akasema, na ndiyo mara ya kwanza tangu Jumatano kusikia utani wake.

Nilitoa stapla moja moja. Kitambaa kikaanguka, tukachuchumaa wote watatu. Chaki ilikuwepo, imefutika kidogo pembeni. Mwalimu akashusha miwani ya kichwani, akasoma kwa sauti ya darasani: "Mguu, Mkono, Mguu, Mgongo, Mgongo, Mgongo, Mgongo, Mkono, Mguu."

Nikamgeukia kaka. "Mbona ni ile ile mitatu? Siku mbili huli, kumbe ni ile ile mitatu?"

Alikuwa ameweka kidole chake pale kwenye Mgongo wa pili, wa tatu, wa nne. Kisha akaanza kucheka, mabega yakitikisika.

"Hapa ulikuwa unanigombeza, dada," akasema. "Sentimita nne. Mimi nina misumari mdomoni, siwezi kukujibu, wala siwezi kuendelea huku unasema. Nikakaa hapo hapo kwenye Mgongo mpaka umalize."

"Nilisema kidogo tu."

"Mara nne, dada. Imeandikwa."

Mwalimu akavuta stuli, akamwambia aimbe asikie kama kweli kochi lake lilifunguliwa kwa jambo la maana. Kaka akaimba pale chini sakafuni. Mstari wa tatu ulipofika, vidole vikataka kukimbilia nyumbani, nikakohoa. Akabaki. Sauti yake ikaendelea kupanda huku gitaa likimsubiri pale pale, na mimi, niliyeshona chumba kimoja na nyimbo zake miaka kumi na tisa, sikujua kinachofuata. Mwalimu alivua miwani zote mbili.

Nilirudishia kitambaa. Chaki sikuifuta, iko humo mpaka leo.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Kaka alisimama na suti iliyombana makwapani, akaanza. Mguu, Mkono, Mguu. Nikaona meza nzima ya majirani wanavuta pumzi, wako tayari na treni yao, midomo wazi. Kaka akakaa kwenye Mgongo. Akakaa tena. Akanitazama mimi, na mimi nikakunja uso kama siku ile. Midomo ya majirani ikafungwa mmoja mmoja. Binti yake, ambaye tangu wimbo uanze alikuwa anaangalia kitambaa cha meza na mkono wake mmoja umekishika kabisa, akakiachia. Akainua uso. Wimbo ulipoteremka kwenda Mkono na kurudi kusimama, alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake, gauni lote lile, anakwenda kwa baba yake, na wakwe wakampisha.

Baadaye alinipita na sahani, akaniambia, "Shangazi, hili halikuwa kochi la zamani."

Nilimnunulia kaka daftari. Ameandika jina lake kwenye jalada, basi. Wimbo wa kumi na tisa unamsumbua sasa, vidole vimeanza tena kurudi nyumbani. Akikwama anageuka upande wangu na misumari yake mdomoni na kuinua nyusi, maana yake, dada, nigombeze kidogo. Nina kazi zangu, sikai nikisubiri kaka anayetunga. Ila jana kakata mkono mfupi tena, sentimita tatu, na nina hakika safari hii amefanya makusudi.